Kazuiwa Wikipedia moja, kahamia nyingine: zuio lamfuataje?

Kasuarina_MLD
Salaam wakuu. Kuna akaunti inapachika matangazo ya nyumba za kukodisha Malindi na Watamu ndani ya makala. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili mkabidhi (mhariri mwenye mamlaka ya kuzuia akaunti) ameizuia bila ukomo. Sasa iko Wikipedia ya Kiitalia (wateja wake si ndiko waliko!), Wikivoyage (mwongozo wa safari) na Commons (ghala la picha), maandishi yale yale. Nataka kuanzisha hoja apigwe marufuku miradi yote ya Wikimedia. Naanzia wapi?

Langoni_Amu
Usianzie huko, ndugu. Zuio la wiki moja (yaani mradi mmoja, kama Wikipedia ya Kiswahili) halivuki, kweli. Akaunti ni moja kote, lakini kila wiki huamua yake. Ila marufuku ya miradi yote imewekewa usumbufu unaozidi uharibifu na matangazo matupu. Mtu awe ameelekezwa na kupewa nafasi ya kujirekebisha, tena awe amezuiwa bila ukomo katika miradi 2 au zaidi. Mleta hoja naye awe na akaunti ya zaidi ya siku 90 na mabadiliko 500 kwa jumla. Mjadala unafanyika Meta (tovuti ya kuratibu miradi yote), usipungue siku 14, na unatakiwa kuarifu kila wiki aliyohariri. Yote hayo kwa mpangisha vyumba?

Omba kufuli, yaani akaunti ifungwe isiweze kuingia popote. Ingia Meta, ukurasa maalumu wa CentralAuth, andika jina lake: utaona wiki zote alizogusa, kahariri mara ngapi, wapi kazuiwa. Chukua viungo vya mabadiliko 2 au 3 kutoka wiki tofauti, upeleke ukurasa wa maombi kwa mastewadi (wenye mamlaka juu ya wiki zote), sehemu ya kufuli. Sentensi mbili zatosha. Ombi la "huyu msumbufu" lisilo na viungo hulala hapo hapo.

Shela_kwa_Shela
Naongeza: kufuli halina nusu. Akifungiwa haingii popote, hata pale anapohariri vizuri, na wiki yenu haiwezi kumfungulia kwake. Zuio la wiki zote ni jambo jingine. Hilo mkabidhi anaweza kulitengua kwenye wiki yake. Kwa hiyo kagua kwanza kama ana mahali anachangia la maana. Akiwa napo, zungumza na wakabidhi wa kila wiki, usisumbue mastewadi.

Kasuarina_MLD
Hana, ni matangazo matupu. Je, akifungua akaunti mpya kesho? Anatumia data ya simu.

Langoni_Amu
Hapo ndipo pagumu. Kampuni za simu hugawia wateja wengi anwani moja ya IP (namba ya kifaa mtandaoni), kwa hiyo ukizuia fungu zima la anwani unawanasa na wasiohusika. Zuio hilo likibidi, liwe la muda mfupi na liwaguse wasioingia kwa akaunti tu. Mhariri mwema akinaswa, aombe Meta ruhusa ya kupita zuio la IP. Ukitaka akaunti zilinganishwe IP zake kuona kama ni za mtu mmoja, wiki isiyo na wakaguzi wake wa kazi hiyo hupeleka ombi kwa mastewadi. Msichelewe, maana kumbukumbu hizo za IP hufutwa baada ya siku 90.

Shela_kwa_Shela
Mnamfukuza mtu mkaacha kiungo! Kama tovuti yake ni moja, ombeni iingizwe kwenye orodha nyeusi ya viungo iliyoko Meta. Badiliko linaloongeza kiungo hicho litakataa kuhifadhiwa kwenye wiki zote, akaunti iwe mpya au ya zamani. Ila vifuteni kwanza vilivyokwisha kupachikwa, la sivyo vitabaki pale pale.

Kasuarina_MLD
Ni moja tu, kote. Naanza kuvifuta, nikimaliza naomba yote mawili, kufuli na orodha nyeusi. Ahsanteni.