Mnaochapa vitabu hapa Dodoma, mnawaharibia waandishi wachanga

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko. Nimekasirika na sioni sababu ya kuficha.

Dodoma watu wanaandika. Kuna walimu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo cha Mipango, watumishi waliohamia na wizara zao, wachungaji, wakulima. Kuna diwani za mashairi, riwaya, hadithi fupi, historia za koo za Wagogo na Warangi, vitabu vya kilimo cha zabibu na alizeti. Wengi hawana jina, lakini ukisoma kilichomo unaona mtu amekaa chini akafikiri. Halafu unashika kitabu chenyewe: ukifika katikati kurasa zinabaki mkononi, jalada limejikunja, yaliyomo inasema sura ya tatu iko ukurasa wa 61 kumbe iko wa 84. Msomaji hamjui mchapaji, kwa hiyo anamlaumu mwandishi, na kitabu cha pili cha mwandishi huyo hanunui. Hilo ndilo linaloniuma.

Naanza na gundi, maana ndiyo kero kubwa kuliko zote.

Kitabu cha A5 kina upande wa mgongo wenye milimita 210. Nyuzi za karatasi, yaani vijiuzi vidogo vinavyoiunda na ambavyo vingi hulala uelekeo mmoja, zinatakiwa zilale sambamba na mgongo huo. Steshenari nyingi zinachapa kwenye rimu ya kawaida ya A4, ambayo nyuzi zake kwa kawaida hufuata upande mrefu, kisha wanakata katikati wapate A5. Ukikata hivyo, nyuzi zinalala kuukingama mgongo. Kitabu hakifunguki vizuri, kila jani linasukumana na gundi, na hewa kavu ya Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba inamalizia kazi: karatasi inapoteza unyevu, inasinyaa, ukingo wa mgongoni unafanya mawimbi na gundi inaachia. Dawa yake ni kutumia A3 ambayo nyuzi zake zinafuata upande mrefu, au karatasi kubwa za ofseti (mashine inayochapa kwa pleti) zilizopangwa vizuri. Ukiikata A3 hiyo mara mbili kupata A5, nyuzi zinalala sawa na mgongo. Kupima ni sekunde chache: chana karatasi kwa urefu, kisha kwa upana. Upande inakochanika kwa mstari ulionyooka ndiko nyuzi zinakoelekea. Mtu anayejiita mchapaji na hajui hili anachukuaje pesa ya watu?

La pili, mgongo haukwaruzwi. Gundi ya moto inashika ikiingia kwenye nyuzi za karatasi, si ikipakwa juu ya ukingo laini uliotoka kwenye mashine ya kukatia. Mgongo unatakiwa usagwe au uchanjwe vijifereji kwanza, ndipo gundi ipakwe ikiwa na joto lake. Gundi nyingi za aina hiyo zinataka nyuzijoto 160 hadi 180. Ikiwa haijafika hapo inakuwa nzito na kubaki juu juu. Ikichemshwa na kupoa siku nzima kwenye chungu kilekile inaungua, inakuwa ya kahawia na kuvunjika kama pipi. Kitabu cha namna hiyo ukikifungua mara ya kwanza unasikia kinalia "kra". Hapo kimeshakufa.

Na kwa nini mnabandika gundi diwani ya kurasa 48? Kurasa 48 ni majani 24. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa kama milimita 0.1 kwa jani, kwa hiyo mgongo mzima ni milimita 2.4. Gundi itashika nini hapo? Kitabu cha chini ya kurasa 60 hivi kipigwe pini mbili katikati, kikunjwe, kikatwe ukingo, kitadumu miaka. Waandishi wengi wa mashairi wanang'ang'ania mgongo ili jina lao lionekane kabatini. Mchapaji mwenye uzoefu kazi yake ni kuwaambia ukweli, si kuchukua oda akanyamaza.

Jalada nalo. Kadi ya gramu 250 au 300, leminesheni (utando wa plastiki) upande mmoja, sawa. Lakini mkiikunja kadi bila kuipiga mstari wa kukunjia, rangi inapasuka mgongoni siku ya kwanza. Na vipimo vya jalada havibuniwi kichwani. Kitabu cha kurasa 160 kina mgongo wa milimita 8 kwa karatasi ya gramu 80, kwa hiyo jalada lililotandazwa ni 148 jumlisha 8 jumlisha 148, yaani milimita 304, kisha unaongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Unapata 310 kwa 216. Ukibadilisha karatasi ukaweka ya krimu, ambayo mara nyingi ni nene zaidi kwa uzito uleule, hesabu inaanza upya. Vitabu vingi mjini hapa jina la mwandishi limehamia jalada la mbele kwa sababu mbunifu alitengeneza jalada kabla ya kujua idadi ya kurasa.

Sasa ushairi, na hapa naomba wahariri wanisikilize vizuri, kwa sababu madhara mengine yanatoka kwenu, si kwenye mashine.

Shairi la kimapokeo lenye mizani (silabi) 16 kwa mshororo lina ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, wa mizani 8 na utao, nusu ya pili, wa mizani 8. Chukueni mshororo kama huu: "Zabibu zetu Hombolo, hazihofu jua kali." Hesabuni: nane, nane. Anakuja mhariri wa sarufi anaona "zetu Hombolo" imepungukiwa, anaandika "zetu za Hombolo". Ukwapi umekuwa mizani 9 na shairi limevunjika mbavu. Mshairi alikuwa na haki ya kudondosha hiyo "za", ndiyo maana ukaitwa uhuru wa mshairi. Kama hujui kuhesabu mizani, usikubali kuhariri diwani. Hariri kitu kingine.

Halafu kompyuta. Neno "i" la "i wapi" linageuzwa kuwa "I wapi", kwa sababu programu imewekwa lugha ya Kiingereza na inadhani umeandika "mimi" ya Waingereza. Maneno yaliyofupishwa mbele, kama 'mekuja na 'kaenda, yanawekewa alama ya kufungua nukuu badala ya kiritifaa (’). Mishororo inanyooshwa pande zote mbili, maneno manne yanasambaa ukurasa mzima na mashimo katikati. Ubeti wa mishororo minne unakatwa, mitatu huku, kibwagizo peke yake ukurasa wa pili. Haya yote yanazuilika kwa dakika kumi: badilisha lugha ya hati iwe Kiswahili, zima masahihisho ya moja kwa moja, panga mishororo kushoto, na uagize kila ubeti ubaki ukurasa mmoja. Mbona hamfanyi?

Riwaya zina ugonjwa wake. Ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari unafuata kanuni za Kiingereza: "kit-abu", "nyum-ba", "wan-afunzi". Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu: ki-ta-bu, nyu-mba, wa-na-fu-nzi. Kama programu haina kanuni za Kiswahili, zima ukataji kabisa. Ukingo wa kulia usionyooka hauna dhambi. Makosa ya lugha yenyewe ni yaleyale miaka nenda rudi: "aliekuja" badala ya "aliyekuja", "kwaajili" badala ya "kwa ajili", "hivo", "uku" kwa maana ya "huku", na "aidha" inayotumiwa kama "ama" wakati maana yake ni "pia" au "vilevile". Kamusi Kuu ya BAKITA ipo tangu 2015, wekeni mezani. Majina ya wahusika nayo: Ndahani ukurasa wa 12 anakuwa Ndahane ukurasa wa 90. Mhariri anatakiwa awe na karatasi moja pembeni yenye jina la kila mhusika, umri, kijiji, na maneno ya Kigogo jinsi mwandishi alivyoyaandika. Ukiona "mbukwenyi" usiipitishie kalamu nyekundu eti huijui. Muulize mwandishi.

Vitabu vya maarifa na historia, nitasema machache. Mswada unaandikwa kwenye A4, yaliyomo inaandikwa kwa mkono, kisha kitabu kinabadilishwa kuwa A5 na namba za kurasa zinabaki za A4. Yaliyomo itengenezwe na programu yenyewe kutokana na vichwa vya habari, na isasishwe siku ya mwisho. Picha zinatumwa kwa WhatsApp, zinabanwa, zinafika zimepoteza ubora, mzee wa ukoo anaonekana kama kivuli. Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji karibu pikseli 1,200 ili itoke safi kwa nukta 300 kwa inchi. Tumeni kama hati, si kama picha, au pelekeni na flashi. Na kitabu cha kilimo kinachosema "weka samadi ya kutosha" bila kusema ndoo ngapi kwa shina, wakati gani, udongo gani, kilipaswa kurudishwa kwa mwandishi na mhariri mara ya kwanza tu alipokisoma. Mkulima wa Mpunguzi atafanya nini na neno "kutosha"?

ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Haitolewi na steshenari. Kuna vitabu vinatembea na namba iliyonakiliwa kutoka kitabu kingine. Kagueni wenyewe: zidisha tarakimu 12 za mwanzo kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu, jumlisha, kisha tafuta inayokosekana kufikia kumi linalofuata. Hiyo ndiyo iwe tarakimu ya 13. Kama jumla imeishia na sifuri, ya 13 ni sifuri. Isipokuwa hivyo, namba ni ya uongo au imekosewa. Ikikubali bado thibitisha ni ya kitabu chako. Na acheni kuandika "Toleo la Pili" kwenye kitabu ambacho hakijabadilishwa hata neno. Hiyo ni chapa ya pili. Toleo jipya linataka ISBN yake, chapa mpya haitaki.

Maduka, nanyi hamjapona. Ingieni duka lolote la vitabu katikati ya mji: vitabu vya kiada, mitihani iliyopita, na tafsiri za "jinsi ya kuwa tajiri". Mwandishi wa Dodoma anapokelewa kwa mali kauli (analipwa zikishauzwa), nakala 10 zinawekwa chini karibu na madaftari, na miezi sita baadaye hakuna anayejua zimeuzwa ngapi. Piga hesabu tuone. Tuseme kuchapa nakala moja ni shilingi 5,000 na bei ya rafu ni 10,000. Duka likichukua asilimia 35, mwandishi anabaki na 6,500. Toa gharama, anabaki na 1,500. Nakala 200 zikiisha zote, ni shilingi 300,000, na hapo hajamlipa mhariri, hajalipa mbunifu, hajalipa bodaboda. Duka likichelewesha malipo anakaa bila pesa, na likirudisha nakala 20 zilizochafuka, zaidi ya theluthi ya faida hiyo imekwenda. Mwandishi asiache kitabu bila hati ya makabidhiano yenye idadi, bei, asilimia ya duka, tarehe ya kuhesabu na nani anabeba hasara ya nakala zilizoharibika. Nakala mbili, saini mbili.

Na nyie wasomaji mnaoandika "naomba PDF" chini ya tangazo la kila kitabu kipya, mmeona hiyo 1,500 hapo juu? Mnaomba kuichukua hiyo.

NYONGEZA, kwa walioniuliza hapo chini:

Mkuu aliyeuliza kama achape Dar: siyo lazima. Mashine zipo hapa, kinachokosekana ni usimamizi. Popote utakapochapa, dai nakala moja ya mfano iliyobandikwa kabisa, siyo PDF kwenye simu. Iache mezani siku tatu, ifungue katikati hadi ilale, vuta jani moja kwa nguvu ya kawaida, pima mgongo kwa rula. Ukiridhika, saini nakala hiyo na mchapaji asaini, kisha ndiyo iwe kipimo cha kazi yote. Lipa nusu mwanzo, nusu baada ya kuhesabu na kufungua nakala kadhaa kutoka katikati ya kila boksi, maana za juu huwa zimechaguliwa.

Dada aliyeuliza aanze na nakala ngapi za diwani yake: kwa mashine ya dijitali anza na 50 au 100. Ofseti ina gharama ya pleti (bamba la kuchapia) ambayo ni ileile uchape 100 au 1,000, kwa hiyo inaanza kuwa nafuu ukienda kwenye mamia mengi. Usichape 1,000 kwa sababu bei ya nakala moja imeshuka. Zikikaa stoo na panya, bei hiyo haina maana.

Aliyenyimwa faili lake na mbunifu: mashairi ni yako tangu ulipoyaandika, usajili wa hakimiliki unakupa ushahidi tu. Lakini faili la jalada na la kurasa andikianeni kabla ya malipo ya kwanza kwamba utakabidhiwa yote, la PDF na lile linaloweza kuhaririwa, pamoja na fonti zilizotumika. Kama tayari umeshalipa na hamkuandikiana, chukua angalau PDF ya kuchapia yenye ubora kamili, fonti zikiwa zimefungwa ndani yake, kabla hujamlipa salio.