Mlonge unanipa asilimia hasi kwenye DPPH, nakosea wapi?

Kinu_Tabata:
Wakuu, naomba msaada. Gramu 10 za unga wa majani ya mlonge nimezichemsha kwenye maji mililita 100 kwa dakika 15, nikachuja kwa kitambaa. Nikachanganya mililita 1 ya hayo maji na mililita 1 ya DPPH (kemikali ya zambarau inayofifia ikikutana na antioksidanti; milimola 0.1 kwa lita, kwenye methanoli), nusu saa gizani, nikasoma rangi kwa mashine ya kupima mwanga, nanometa 517. Vitamini C inaifuta zambarau vizuri, mlonge unanipa asilimia hasi ya rangi iliyofutwa. Ina maana hauna antioksidanti?

Mpima517:
Unazo, mkuu, kwesetini ikiwemo. Inua kyuveti (kichupa cha kupimia) uitazame dirishani. Ukiona ukungu kama maji ya kuoshea mchele, kosa ndilo hilo: protini na utomvu wa majani huyeyuka kwenye maji, vikikutana na methanoli vinaganda. Chembe zake hutawanya mwanga, na mashine inahesabu kama zambarau bado ipo.

Halafu maji yako ya mlonge ni mazito mno. Kausha mililita 5 za hayo maji mpaka zisipungue uzito tena, upime, ndipo ujue mililita moja ina kiasi gani. Andaa mikrogramu 10, 25, 50, 100 na 200 kwa mililita ukipunguzia kwa methanoli, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, chukua maji ya juu tu.

Kila kipimo kiwe na sampuli tupu yake: maji ya mlonge na methanoli, bila DPPH. Tuseme DPPH peke yake inasoma 0.55, mchanganyiko 0.40, sampuli tupu 0.10. Rangi halisi iliyobaki ni 0.30, kwa hiyo imefutwa asilimia 45. Usipotoa ile 0.10 utaandika 27.

Shamba_Kibamba:
Na majani umeyakaushaje? Kwa unyevu wa Dar, masika hasa, yatandaze tabaka jembamba kivulini penye upepo, au oveni nyuzi 40. Jani likikunjika badala ya kuvunjika, bado. Yakichelewa kukauka vimeng'enya vyake vinakula polifenoli (kundi la antioksidanti za mimea), unga unageuka kahawia.

Kinu_Tabata:
Ukungu upo kweli! Je, nibadili niloweke kwa methanoli?

Mpima517:
Kama unapima wanachokunywa watu, baki na maji. Methanoli ni sumu, hiyo ni ya maabara tu. Na tafadhali usiandike kwenye kopo "inatibu" kwa sababu ya namba hii. DPPH haimo mwilini, na polifenoli nyingi hubadilishwa utumboni na kwenye ini kabla hazijasambaa mwilini kwa damu.