Wakuu, kipande cha fedha cha 1893 kinasafishwa na nini?

Kijana wa Uyole
Habari za jioni wakuu. Nina kumbukumbu ya fedha ya maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1893, ina sura ya Columbus na nyuma merikebu. Imeingia weusi kama sufuria ya kuni. Nataka ing'ae kabla ya Jumamosi. Nitumie dawa ya meno au kuna kingine? Majibu ya maana tafadhali, sina muda.

Nyundo ya Sonara
Usiguse. Weusi huo ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani, na wakusanyaji wanaupenda. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, inaacha mikwaruzo ambayo haifutiki tena. Kama kuna mafuta, au utando wa kijani unaonata wa mfuko wa plastiki, loweka dakika chache kwenye asetoni tupu, chombo cha kioo, dirisha wazi, mbali na moto. Suuza kwa maji ya betri (maji, siyo asidi!), kisha gandamiza na kitambaa laini. Kusugua hapana.

Shangazi Ipogolo
Hiyo kwanza siyo medali wala tokeni. Ni nusu dola ya Columbus, sarafu halali ya Marekani, iliyouzwa kwenye maonyesho kwa dola 1. Za mwaka 1893 zilipigwa zaidi ya milioni 4, zaidi ya milioni 2 zikarudi kuyeyushwa kwa kukosa wateja. Siyo adimu. Tafuta medali za mnara wa Eiffel, Paris 1889. Pindua uone ukingo: medali za kiwanda cha serikali ya Ufaransa zina alama ya pembe iliyojaa matunda na jina la madini, BRONZE au ARGENT (yaani fedha). Ila pembe peke yake haithibitishi 1889, imetumika toka 1880 na bado inatumika kwenye medali za zamani zinazopigwa upya.

Mzee wa Isyonje
Vijana wa siku hizi mnahangaika na vyuma vya Wazungu, mashamba yanaota magugu. Gunia la viazi halina haja ya kupinduliwa ukingo.

Nyundo ya Sonara
Jumamosi kuna nini, mdogo wangu?

Kijana wa Uyole
Mambo binafsi. Nimeuliza usafi tu.

Shangazi Ipogolo
Mwanangu, huwezi kuficha ugonjwa ukataka dawa. Sema.

Kijana wa Uyole
Haya shangazi. Siyo yangu bado. Jamaa wa Mwanjelwa anataka laki sita, nimetanguliza mbili, akanipa nikae nayo. Jumamosi anakuja mgeni kuitazama, nimeshamtajia milioni. Na jana nilisugua kidogo kwa limau na jivu, upande wa merikebu tu. Limau ni kitu cha asili jamani, halina madhara. Na sumaku haiikamati, kwa hiyo fedha ni fedha.

Nyundo ya Sonara
Sumaku haikamati shaba pia.

Mpelelezi wa Vwawa
Hii chai, haina hata tangawizi. Nani Mwanjelwa anakukabidhi mali ya laki sita kwa laki mbili? Wewe ndiye huyo jamaa, unataka uzi wa kumwonyesha mteja kwamba wakuu wameijadili. Uzito ngapi?

Kijana wa Uyole
Naapa siyo mimi! Mizani sina.

Nyundo ya Sonara
Chai au siyo chai, kipimo hakidanganyi. Nenda kwa sonara yeyote mwenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Pima kavu: halisi ni gramu 12.5, ikichakaa inapungua kidogo tu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Pangusa viputo vya hewa, vinaharibu hesabu. Namba utakayoona iwe karibu na 1.21. Uzito mkavu ugawe kwa hiyo namba. Fedha ya asilimia 90 inatoa kama 10.3.

Shangazi Ipogolo
Na ukingo uwe na meno pande zote. Ukiona mstari wa maungio, au vipele vidogo kwenye uwanja wazi, hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Chini ya merikebu pawe na tufe mbili, na 14 na 92 kila moja upande wake.

Mzee wa Isyonje
Sonara naye atataka hela ya soda.

Kijana wa Uyole
Nimetoka huko sasa hivi. Kavu 10.9. Ndani ya maji 1.30. Tufe zipo, na meno yapo, ila kuna mstari mwembamba unaokata katikati ya meno.

Nyundo ya Sonara
10.9 gawanya kwa 1.30 ni 8.4. Shaba ya njano iliyopakwa fedha juu. Pale uliposugua, angalia kwenye kona za matanga kama unjano umeanza kuchungulia. Mpigie mgeni leo, usingoje Jumamosi. Halafu irudishe, udai laki mbili zako mbele ya shahidi.

Mpelelezi wa Vwawa
Nafuta kauli. Mwenye bidhaa asingeleta namba hizo.

Kijana wa Uyole
Unjano upo. Kwa hiyo limau halijaharibu kitu?