Naomba ushauri: goti linatoa majimaji ya rangi ya kutu

Habari zenu wakuu. Mgonjwa ana miaka 34, goti la kulia linavimba na kupungua kwa miezi minane; hana homa, hakuumia. Likivutwa kwa sindano hutoka majimaji ya rangi ya kutu. TB na bakteria hasi, damu inaganda vizuri, eksirei safi. MRI: utando wa ndani umenenepa mbele na nyuma, una mabaka meusi ya chuma kilichobaki baada ya damu kuvujia humo.

Nahisi ni TGCT (uvimbe unaoota kwenye utando wa ndani wa kiungo) iliyosambaa, ile tuliyoizoea kwa jina la zamani, PVNS. Ya kinundu kimoja ingekuwa nafuu. Hii hata ikikatwa hupenda kurudi.

Je, tuanze na biopsi (kukata kipande kidogo cha utando kikapimwe), au utando utolewe moja kwa moja? Na huko nyuma ya goti, kamera inafika vizuri au lifunguliwe?