Hivi daraja la bei mbaya kuliko yote duniani ni lipi?

MtuWaFeri: Wadau leo nimekwama kwenye foleni ya kulipia daraja la Kigamboni nikawaza, mita 680 tu hizi na bado tunalipa, sasa huko duniani daraja lililokula hela kuliko yote ni lipi na hela inaendaga wapi?

Fundi_Nondo: Mkuu, la Bay Bridge kule California, upande wa mashariki tu umekula dola bilioni 6 na ushee. Tetemeko la 1989 liliangusha kipande cha daraja la zamani, wakajenga jipya la kuhimili mtikisiko, likafunguliwa 2013. Miaka 24 hiyo, bei ya vyuma inapanda tu na wanasiasa wanabishana liwe na sura gani 😂

Binti Temeke: We Fundi umesahau la Hong Kong–Zhuhai–Macau, km 55, lilifunguliwa 2018. Lile kuna kipande kinapita kabisa chini ya bahari, handaki karibu km 7 ili meli zipite juu, wakatengeneza na visiwa viwili vya kulishikia. Hapo Bay Bridge haifui dafu.

MtuWaFeri: Duh. Kumbe ningepanda tu pantoni.