Nani alimpa ruhusa ya kunifanya KABLA?

Shavu_Moja aliandika:

Wasee, naandika nikitetemeka, makosa ya vidole mtanisamehe. Yule mama wa chai ya kukata tumbo mnamjua. Msijifanye. Yule anayekusalimia huku akikupima kiuno kwa macho. Jina silitaji, hata mbuzi wa Kawangware wanamjua.

Leo asubuhi nimefika steji, nimejipodoa, naenda kazini na heshima zangu. Makanga wa 46 ananiangalia, anaangalia juu, ananiangalia tena, halafu anagonga mbavu za gari: "Kabla! Kabla, ingia, kuna nafasi ya mmoja na nusu!"

Kabla. Nikadhani anamwita mtu mwingine. Kuinua macho, kwenye mlingoti wa stima, juu kidogo ya jiko la mahindi choma, kuna bango refu kama shuka, na aliye juu yake ni MIMI. Nimejifunga leso. Mdomo umejaa githeri, shavu limefura, sufuria nimeikumbatia kama niliyeiiba. Chini wameandika kwa rangi nyekundu: KABLA. Pembeni kuna mwanamke mwembamba wa sayari gani sijui, anacheka, ameandikwa BAADA. Huyo BAADA masikio yake yamelala. Yangu yamesimama tangu nizaliwe. Hiyo chai inakata tumbo na kulaza masikio?

Picha niliiweka stetasi ya WhatsApp Jumapili, nikaandika "kwa shosho raha". Saa 24 inapotea, si ndivyo? Kwa simu yangu imepotea kweli. Imehamia kwa mlingoti. Namba ya huyu mama niliihifadhi ile wiki maji yalikatika, akawa anauza kwa mitungi, na sikukumbuka kumtoa kwa wanaoona stetasi. Mitungi miwili ya maji ndiyo imenifanya KABLA!

Nimemfuata. Anakoroga chai yake, hata hajainuka: "Kwani dada, si nimekufunika macho?" Amenifunika kwa kamstari kembamba kama uzi wa kushonea, kope zimechungulia juu na chini. Na shavu je? Ploti nzima inalijua hili shavu!

Jioni narudi, ni gari lile lile. "Kabla, umerudi? Baada umemwacha tao?" Watu wamecheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mamake akacheka. Mtoto hana hata meno.

ChapoMbili: Pole sana dada. Nauliza tu kwa nia njema, githeri ilikuwa na viazi?

Jirani_Gorofa_ya_Tatu: Nimeteremka makusudi nilione. Kusema ukweli picha imetoka vizuri.

Shavu_Moja: IMETOKA VIZURI??? Jirani, nimeandikwa KABLA!

Wakili_wa_Kibarazani: Punguzeni kicheko kidogo. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha yako, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtu hafanyi biashara na sura yako bila ridhaa yako. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Shule moja nayo ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakukubali. Piga picha hilo bango kabla halijatolewa, upeleke malalamiko kwa ofisi ya Kamishna. Hutozwi kitu, na wana siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.

KijanaWaSteji: 1,850,000?? Mimi nibandikeni hata Thika Road nikila ugali kwa mikono miwili.

Shavu_Moja: Wakili asante, lakini yule mama atoe wapi milioni? Mimi nataka yule makanga aache kuniita Kabla.

KijanaWaSteji: Hilo Kamishna hawezi, Kabla.

MamaWaPacha: Wewe angalau ni mtu mzima. Shule ya wanangu imeweka kwenye ukurasa wake picha yao wakilia siku ya chanjo, majina yote matatu na darasa. Naenda kuuliza, naambiwa nilitia sahihi fomu ya kujiunga. Kwenye ile fomu nilisoma karo peke yake, nikazimia hapo.

ChapoMbili: Stetasi chagua watu wachache wa kuona. Mimi wangu ni sita.

Jirani_Gorofa_ya_Tatu: Na kati ya hao sita, binamu yako ndiye anayetupigia skrinshoti. Tuliona ile ya bwawa la kuogelea.

ChapoMbili: Ipi ya bwawa???

Mzee_Sofa: Nyinyi mnalia picha. Mimi niliuza viti, mteja akasema nitume picha kama faili ionekane safi. Kesho yake saa moja asubuhi anabisha mlangoni, sikuwa nimemwelekeza hata mtaa. Kumbe ukiituma kama faili inaenda na mahali ilipopigwa, mpaka kwenye ramani. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaondoa hayo. Nilimfungulia nikiwa na taulo.

MamaWaPacha: Uwi! Alinunua?

Mzee_Sofa: Alisema bei ni kali. Kutoka Kitengela saa kumi na moja asubuhi, aje aniambie bei ni kali!

Jirani_Gorofa_ya_Tatu: Kwa hivyo bado vipo?

Mzee_Sofa: Vipo. Vya watu watano, kitambaa cha kahawia, mguu mmoja tu umeguswa na panya.

Shavu_Moja: Jamani, nimepita tena hapo steji. Ameongeza bango la pili. Liko upande wa pili wa barabara. Ni lile lile shavu.

MamaWaPacha: Pole mpenzi. Mzee, vinapita mlango wa bedsita?

Mzee_Sofa: Ukivilaza vinapita. Elfu kumi na nane, tunaongea.

Jirani_Gorofa_ya_Tatu: Tuma picha basi. Tuma kama faili, huo mguu uonekane vizuri.