Lida ya salmoni nyuma ya flasha, ndefu kiasi gani?

mshipi_mrefu: Wakuu habari zenu. Narambaza salmoni, yaani naburuta chambo nyuma ya boti, nimefunga flasha ya inchi 11 (kibao king'aavu kinachozunguka majini kuvuta samaki) halafu nyuma yake chambo cha ngisi wa plastiki, lida, yaani uzi wa kutoka flasha mpaka chambo, kama futi 5 hivi. Samaki naona wapo chini ila hawagusi kabisa. Niibadilishe lida au nibadilishe ngisi? Nalenga zaidi salmoni aina ya chinook, wale wa aina ya coho nao wakija sawa tu.

Nahodha K: Mkuu futi 5 kwa ngisi ni ndefu mno. Ngisi wa plastiki hana mwendo wake mwenyewe, anachezeshwa na flasha, ile ikizunguka inampiga teke naye anaruka pembeni, sasa lida ikiwa ndefu teke linafia njiani na ngisi anaburutwa tu kama uzi mtupu. Kwa chinook anza na inchi 40, pima kuanzia flasha mpaka ndoana, wasipokula punguza kidogo kidogo. Coho anapenda kitu chenye fujo, huyo mpe inchi 30 hivi. Na usisahau unene wa uzi, watu wengi hawauangalii kabisa, weka uzi wa kuhimili pauni 40 hadi 60 maana uzi mgumu ndo unaofikisha teke, mwembamba unajikunja tu.

bluu_na_kijani: Naunga mkono, ila hayo ni ya ngisi. Ukifunga kijiko (chambo cha chuma chenye umbo la kijiko) mambo yanageuka, kijiko kinacheza chenyewe, lida fupi itakivuruga, hapo futi 5 au 6 ndo penyewe na uzi mwembamba zaidi, pauni 25 au 30.

mshipi_mrefu: Aisee asante sana. Na kama natumia doja, kile kibao kingine cha kuvuta samaki, badala ya flasha?

Nahodha K: Doja inatakiwa iyumbe kushoto kulia, isizunguke. Ikianza kuzunguka ujue boti inakimbia mno, punguza mwendo. Lida yake fupi zaidi, inchi 18 mpaka 24 kwa ngisi.

bluu_na_kijani: Halafu kabla hujashusha chini tembeza kwanza kando ya boti kwa mwendo uleule utakaorambazia, mtazame ngisi kwa macho. Akienda mbele, akasita, akachomoka pembeni, shusha. Akinyooka tu nyuma ya flasha kata inchi mbili tatu ufunge upya. Mi huwa naanza na ndefu kwa sababu hiyo, kukata ni rahisi kuliko kuunga.